Je, mishahara ya wachezaji iwekewe kikomo? Tuanzie Ruangwa

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, ujumbe unaotufikia studio ni ule ule. Simba imemchukua huyu, Yanga imemchukua yule, Azam imemwaga fedha, na sisi huku Lindi tunabaki na nini? Wasikilizaji wa Mnacho, Nkowe, Naipanga na Lionja wametuuliza zaidi ya mara moja kwa nini Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lisiweke sheria kwamba hakuna klabu inayoruhusiwa kulipa mishahara kupita kiasi fulani. Wanasema ligi ingekuwa na usawa, na Namungo ingeweza kubaki na wachezaji wake.

Ni swali zuri, na duniani limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia. Hivi sasa linabishaniwa kwa ukali Marekani, kwenye mchezo wa besiboli, ambako mkataba kati ya wachezaji na wenye timu unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Hatukutarajia kwamba siku moja tutaandika habari za besiboli kwa wasikilizaji wa Nachingwea. Lakini ugomvi wao na wetu ni ndugu wa baba mmoja, ndiyo maana tumeona tuueleze kwa utaratibu.

Tulipo sisi

Namungo FC imetoka wilayani Ruangwa, na uwanja wake wa nyumbani ni Majaliwa, pale mjini. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu huo huo wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Ikafika pia fainali ya Kombe la Shirikisho, ikachezwa Sumbawanga Agosti 2020, Simba wakashinda 2-1. Kwa kuwa Simba walikuwa tayari ni mabingwa wa ligi, Namungo ikapata nafasi ya kuiwakilisha nchi kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Wengi wenu mnakumbuka ilivyoitoa Primeiro de Agosto ya Angola, klabu kubwa kabisa, na kuingia hatua ya makundi. Huko ikakutana na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, ikamaliza bila pointi hata moja.

Kwa timu iliyozaliwa kijijini, hayo ni mafanikio yasiyo na kifani. Lakini ngalia orodha ya mabingwa wa Tanzania Bara. Mtibwa Sugar walichukua ubingwa mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo, yaani kwa karne hii yote, kombe limezunguka kwa klabu tatu tu: Simba, Yanga na Azam, na Azam ni mara moja, msimu wa 2013/14. Simba walichukua mara nne mfululizo kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Yanga wakajibu kwa kuchukua mara nne mfululizo kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Zamani haikuwa hivyo kabisa. Cosmopolitan walikuwa mabingwa 1967, Mseto ya Morogoro 1975, Pan African 1982, Tukuyu Stars ya Mbeya 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Kijana aliyezaliwa Ruangwa baada ya mwaka 2000 akisikia kwamba timu kutoka Tukuyu iliwahi kuwa bingwa wa nchi anadhani mzee anamtania.

Kilichobadilika katikati ni fedha. Simba waliingia kwenye mabadiliko ya umiliki mwaka 2017, mfanyabiashara Mohammed Dewji akiahidi Sh20 bilioni kwa asilimia 49 ya hisa. Yanga wana GSM nyuma yao. Azam wana kampuni mama. Mwaka 2022 Simba walisaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano wa zaidi ya Sh26 bilioni, na Yanga wakasaini na SportPesa mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya Sh12 bilioni. Mdhamini anatafuta jezi itakayoonekana na watu wengi, na mashabiki wa nchi hii, pamoja na wewe unayesoma haya ukiwa Ruangwa, kwa sehemu kubwa ni wa Simba au Yanga. Tuseme ukweli hapo. Namungo ikicheza na Yanga pale Majaliwa, si wote wanaojaza jukwaa ni wa Namungo.

Kikomo cha mishahara ni kitu gani hasa

Watu wengi wakisikia neno hili wanadhani ni sheria ya kusema mchezaji mmoja asilipwe zaidi ya kiasi fulani. Hiyo ni aina moja tu, tena ya zamani. Uingereza waliwahi kuwa nayo. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 1961 hakuna mchezaji wa ligi ya Uingereza aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata awe bora namna gani. Wachezaji walitishia kugoma, kikomo kikaondolewa, na muda si mrefu Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Kutoka 20 hadi 100. Hapo ndipo unaona ni kiasi gani mchezaji alikuwa ananyimwa.

Aina ya pili, ambayo ndiyo inayozungumzwa zaidi leo, inaweka kikomo kwa klabu. Timu inaambiwa: jumla ya mishahara ya kikosi chako chote isizidi fedha hizi. Ukitaka kumlipa mmoja sana, utawalipa wengine kidogo, au utauza mtu. Ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, imekuwa na mfumo huu tangu msimu wa 1984/85, ingawa wao wameacha milango ya kupitia juu ya kikomo kwa masharti. Ligi yao ya mpira wa mkono na mguu wenye kofia ngumu, NFL, ilianza 1994, na kikomo chake hakina mchezo. Mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu.

Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet aliishi ndani ya mfumo huo. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kwa nchi nzima na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mshahara wake wa mwanzo haukutokana na wakala kugonga meza. NBA ina jedwali la wachezaji wapya wa raundi ya kwanza, na kila nafasi ya kuchaguliwa ina kiwango chake. Aliyechaguliwa wa pili analipwa cha wa pili.

Aina ya tatu haiangalii kiasi kimoja kwa wote. Inaangalia pato la klabu yenyewe. UEFA, wasimamizi wa mpira wa Ulaya, wanasema gharama za kikosi, yaani mishahara, malipo ya usajili na ya mawakala, zisizidi asilimia 70 ya mapato. Hispania wana mfumo wa namna hiyo, na ndio uliomtoa Lionel Messi Barcelona Agosti 2021. Pale kwenye vibanda umiza vyetu watu walilia siku ile kama kuna msiba, wengi wakidhani amefukuzwa. Hakufukuzwa. Klabu ilikuwa na madeni, mishahara yake ilikuwa imepita kiwango ilichopangiwa na ligi, ikashindwa kumsajili upya.

Sasa kuna kosa moja tunalisikia sana, hata kwa wachambuzi wenzetu wa redioni. Wanachanganya kikomo cha mishahara na kikomo cha wachezaji wa kigeni. Ligi Kuu yetu inaruhusu klabu kusajili wageni 12. Hicho ni kikomo cha vichwa, hakihusu fedha. Unaweza ukawa na wageni wawili wanaolipwa zaidi ya wageni 12 wa jirani.

Ugomvi wa Marekani

Besiboli ndiyo ligi kubwa pekee kati ya zile nne kubwa za Marekani ambayo haina kikomo. Ina kitu kinachoitwa kodi ya anasa. Ukivuka kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241, unaruhusiwa kuendelea kulipa ila unatozwa faini inayopanda kadiri unavyorudia. Matajiri wanalipa faini hiyo na wanaendelea na maisha. Los Angeles Dodgers walimsaini Mjapani Shohei Ohtani Desemba 2023 kwa dola milioni 700 za miaka 10, na milioni 680 kati ya hizo wakakubaliana zilipwe baadaye, baada ya mkataba kuisha. Mwaka uliofuata New York Mets wakamsaini Juan Soto kwa dola milioni 765 za miaka 15. Dodgers wakawa mabingwa 2024, wakarudia 2025, wakati timu kama Miami Marlins inalipa kikosi kizima chini ya theluthi ya wanacholipa Dodgers.

Wenye timu wengi wanataka kikomo. Chama cha wachezaji kinakataa katakata, na kina historia ya kukataa. Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji waligoma kwa sababu hiyo hiyo. Msimu ukafa, fainali za mwaka ule hazikuchezwa kabisa, na mgomo haukuisha mpaka mwaka uliofuata mwezi wa nne. Kikomo hakikupita. Kwenye mpira wa magongo wa barafu ilikuwa kinyume. Wenye timu walifunga milango, msimu mzima wa 2004/05 ukapotea, na wachezaji wakaishia kukubali kikomo.

Kwa nini wachezaji wakatae kitu kinacholeta usawa? Hapa tunaomba tutumie mfano wa kwetu, kwa sababu watu wa RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wanaujua kuliko profesa yeyote.

Fikiria mnada wa korosho. Wanunuzi wanaleta barua zao kwenye masanduku, bei zinasomwa mbele ya wakulima. Mkulima anatarajia kwamba mnunuzi mwenye uhitaji mkubwa atataja bei kubwa. Sasa fikiria wanunuzi wote wamekutana usiku wa jana hotelini, wakapatana kwamba hakuna atakayezidisha bei fulani, na wakaeleza kwamba wanafanya hivyo ili wanunuzi wadogo nao wapate mzigo. Mnunuzi mdogo atafurahi. Mnunuzi mkubwa atafurahi zaidi, maana ananunua kwa bei nafuu mzigo ambao angeulipia ghali. Anayelia ni mwenye korosho.

Mchezaji ndiye mwenye korosho. Miguu yake ndiyo mzigo, na msimu wake ni mfupi kuliko wa mkorosho, miaka 10 au 12 kama hakuumia. Ndiyo maana wachezaji wa besiboli wanaliona suala la kikomo kama wanunuzi kupatana bei. Sisi tuliona msimu wa 2018 jinsi bei zilizotajwa minadani zilivyokataliwa, mpaka serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo. Hatuhitaji kufundishwa maana ya bei kushikwa upande mmoja.

Hata hivyo mfano huu una mahali unapokatikia, na ni lazima tuseme. Mnunuzi wa korosho hahitaji mnunuzi mwenzake awe hai. Yanga inamhitaji Namungo awe hai. Bila wapinzani hakuna ligi, hakuna televisheni, hakuna mdhamini. Mpira ni biashara ya ajabu ambayo ukimuua mshindani wako na wewe duka lako limefungwa. Hoja ya kikomo inapata nguvu yake yote hapo.

Je, kikomo kweli kinaleta usawa?

Tulipoanza kuandika makala hii tulidhani jibu ni ndiyo, kidogo. Tulipopitia rekodi tukakuta mambo hayako hivyo.

Besiboli bila kikomo, kuanzia 2001 hadi 2023, haikuwa na timu hata moja iliyochukua ubingwa miaka miwili mfululizo. Kansas City, mji mdogo kwa viwango vyao, ulikuwa bingwa 2015. NFL yenye kikomo kigumu kabisa ilishuhudia New England Patriots wakichukua mataji sita kati ya msimu wa 2001 na wa 2018. Kumbe kuwa na kocha mzuri, skauti mwenye macho na uongozi usiogombana ni utajiri ambao hakuna sheria inayoweza kuuwekea kikomo.

Na zile ligi zenye kikomo zina mambo mengine matatu yanayokwenda nacho, ambayo wasikilizaji wetu huwa hawayataji. Moja ni mgawo wa fedha. NFL inagawa fedha za televisheni za kitaifa sawa kwa sawa kwa timu zote 32, awe wa New York au wa mji mdogo. Hata besiboli isiyo na kikomo inakusanya asilimia 48 ya mapato ya ndani ya kila timu na kuyagawa upya. La pili ni kiwango cha chini. NBA haisemi tu usizidi hapa, inasema pia usishuke chini ya asilimia 90 ya kikomo. Tajiri bahili hawezi kujificha. La tatu ni kwamba wachezaji wamehakikishiwa sehemu ya mapato yote ya ligi, karibu nusu kwa nusu na wenye timu. Ukichukua kikomo peke yake ukaacha hayo matatu, umebeba sufuria umeacha mboga.

Tukilete huku kwetu

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kubuni, msiende kuzitaja kijiweni kama takwimu za TFF. Chukua klabu tatu. Ya kwanza inaingiza Sh10 bilioni kwa mwaka, ya pili Sh4 bilioni, ya tatu Sh1 bilioni.

Tukiweka kikomo kimoja cha Sh3 bilioni, klabu ya kwanza inashuka hadi 3. Ya pili inaweza kufika 3 ikijikaza. Ya tatu hata ikiuza viti vya ofisi haifiki, inabaki pale pale ilipokuwa. Kilichobadilika ni kwamba tajiri ameokoa fedha. Hazijaenda Ruangwa, zimebaki mfukoni mwake.

Tukiweka mfumo wa Ulaya wa asilimia 70, ya kwanza inaruhusiwa 7, ya pili 2.8, ya tatu Sh700 milioni. Pengo ni lile lile, sasa limepigwa muhuri wa sheria. Mfumo huu una faida moja tu, na si ndogo: unazuia klabu kuahidi mishahara ambayo haina. Lakini tusiuite usawa.

Kuna tatizo lingine ambalo Marekani hawana. Mchezaji wa besiboli akiondoka Marekani hana ligi nyingine inayoweza kumlipa vile. Mchezaji wetu akikutana na kikomo hapa, Casablanca ipo, Cairo ipo. Hata bila kikomo wanaondoka. Luis Miquissone aliondoka Simba kwenda Al Ahly mwaka 2021. Fiston Mayele aliondoka Yanga kwenda Pyramids mwaka 2023. Aziz Ki alikwenda Wydad mwaka 2025. Na kabla ya hao wote, Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe kule Lubumbashi, akafika Genk, akafika Aston Villa. TFF ikiweka kikomo peke yake bila Morocco, Misri na Afrika Kusini, itakuwa imewafungulia mlango waliobaki. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Simba wakafika ya 2025. Wasingefika kwa kikosi kilichopunguzwa makali ili kilingane na cha timu ya mkiani.

Kuna atakayesema fainali hizo za Simba na Yanga zinatusaidia nini sisi. Zinasaidia kidogo, kwa njia ya mzunguko. Matokeo yao ndiyo yanayoipa nchi nafasi nne za mashindano ya Afrika badala ya mbili. Namungo ikimaliza nafasi ya nne leo, nafasi hizo zina maana kwake.

Msimamo wetu kuhusu kikomo kwa hiyo ni hapana, angalau kwa sasa. Ila hatutaki muishie hapo mkadhani tunasema hali ilivyo ni nzuri.

Tatizo kubwa liko sakafuni

Wakati tunabishana kuhusu dari, wachezaji wengi wa ligi yetu wanahangaika na sakafu. Mchezaji wa timu ndogo hasumbuliwi na kwamba jirani yake analipwa milioni nyingi. Anasumbuliwa na kwamba mshahara wake wa mwezi wa tisa haujaingia na sasa ni mwezi wa kumi na mbili. Klabu kadhaa za Tanzania, kubwa na ndogo, zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya kutolipa wachezaji na makocha. Waliofungua kesi mara nyingi ni wageni, maana mgeni ana wakala na anajua njia. Kijana wa Nachingwea anasubiri, anakopa nauli, anaambiwa avumilie, timu ni ya nyumbani.

Kwa hiyo hili lijulikane. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu barua ya kudai na kuipa siku 15. Siku hizo zikipita bila malipo ana haki ya kuvunja mkataba. Kwa mgogoro wa ndani ya nchi shauri linakwenda kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF. Hiyo ndiyo kamati iliyokuwa ikisikiliza shauri la Feisal Salum na Yanga, lililoanza mwishoni mwa 2022 na kumalizika kwa yeye kuhamia Azam Juni 2023. Fei Toto ana jina, nchi nzima ilijua shauri lake. Asiye na jina anahitaji karatasi: mkataba uliosainiwa, nakala yake mkononi, na barua yenye tarehe. Mkataba wa mdomo na kiongozi wa timu ni hewa. Chama cha wachezaji kipo, kinaitwa SPUTANZA, ila nguvu yake haikaribii ile ya wenzao wa Marekani wanaoweza kusimamisha msimu.

Kama TFF na Bodi ya Ligi wanatafuta sheria ya kuiga, sisi tungeanza na ile ya klabu kuthibitisha kila robo ya msimu kwamba imelipa, na isiyolipa isisajili. Uingereza msimu wa 2023/24 Everton na Nottingham Forest zilikatwa pointi kwa kupata hasara kuliko kanuni zinavyoruhusu. Pointi zinauma kuliko faini. Faini kiongozi anaomba ipunguzwe.

Baada ya hapo lije suala la mgawo. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za televisheni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Ukigawa kwa miaka unapata wastani wa zaidi ya Sh22 bilioni kwa mwaka, ingawa kiwango hakilingani kila mwaka. Ligi ina timu 16. Hizi ndizo fedha ambazo klabu ya Ruangwa inaweza kuzidai kama haki, kwa sababu Azam hawawezi kuonyesha Simba ikicheza peke yake uwanjani. Mjadala wa kiasi gani kigawiwe sawa na kiasi gani kiende kwa nafasi mtu aliyomaliza una uzito kuliko mjadala wote wa kikomo, na tunashangaa jinsi unavyozungumzwa kidogo. Pengine ni kwa sababu hauna jina la mchezaji ndani yake.

Fedha ambayo tayari ni yenu

Mwisho kuna jambo la timu za vijana, na hapa tunazungumza na viongozi wa timu za kata na walimu wa michezo, wa Mbekenyera hadi Kilimarondo. FIFA ina malipo ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, klabu inapata robo ya asilimia moja ya ada. Kwa kila msimu kati ya miaka 16 na 23, inapata nusu ya asilimia.

Tuseme kijana alicheza timu ya Nachingwea misimu mitatu, akiwa na miaka 16, 17 na 18. Akaenda klabu ya Ligi Kuu, kisha akauzwa Morocco kwa ada ya Sh1 bilioni. Timu ya Nachingwea inadai nusu ya asilimia mara tatu, yaani asilimia moja na nusu. Ni Sh15 milioni. Kwa timu inayochangishana kununua mpira mmoja, hizo ni jezi, nauli na posho za misimu kadhaa.

Sharti ni kwamba kijana awe alisajiliwa rasmi, kwa jina lake sahihi na tarehe yake sahihi ya kuzaliwa, na timu iwe mwanachama kupitia chama cha mpira cha wilaya. Kijana aliyecheza miaka mitatu kwa jina la kaka yake, au timu ambayo haikupeleka fomu, haina cha kudai. Fomu za usajili zinapatikana kwa katibu wa chama cha mpira cha wilaya, Nachingwea na Ruangwa. Nendeni na cheti cha kuzaliwa cha mchezaji, na mbaki na nakala.